Kliniki ya afya ya akili hapa Kigoma: nyota nne, ya tano nimeinyima dirisha la dawa

Hii rivyu imekaa kwenye simu yangu miezi, naandika nafuta, maana aibu nayo ipo. Ila watu wananifata inbox "mwenzetu ulipona kwa nani" wakidhani nilienda kwa mganga Ujiji, sasa ngoja niandike mara moja niishie hapo. Majina ya sehemu sitaji, mji wenyewe huu mdogo.

Mi nauza dagaa, nachukulia Kibirizi napakia kwenda Dar. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike, samaki walipumzika, mimi na mkopo wangu wa kikundi hatukupumzika. Nikaanza kuamka saa tisa usiku bila alamu, moyo unadunda utadhani nimekimbizwa, na nikishaamka ndo basi mpaka adhana. Nikajiambia ziwa likifunguliwa haya yataisha. Likafunguliwa, dagaa wakaja wa kutosha tu, mi nimekaa pembeni ya chanja nawaangalia kunguru wanakula mali yangu na sina hata hamu ya kuokota jiwe. Mama mdogo ndo aliyeshtuka, akasema wewe wa kuwaachia kunguru dagaa, wewe?

Nilianzia duka la dawa, na hilo nyota moja linatosha. Yule kaka kanisikiliza dakika mbili, kanipa vidonge kwenye kibahasha, kaandika 1x1, "hizi zitakutuliza dada." Nikameza siku sita: kichefuchefu, kichwa kinagonga, usingizi kidogo uliobaki nao ukaondoka. Nikavitupa chooni. Nilikuja kujua baadae kwamba ilikuwa fluoksetini, dawa ya sonona, ule ugonjwa wa kukosa raha na hamu, dawa ileile niliyokuja kuandikiwa kliniki! Kwahiyo mjue dawa haikuwa na kosa, kosa ni mtu kukupa dawa ya ubongo kama anakupa Panadol.

Sasa kliniki. Benchi la mbao, foleni, mtoto wa mtu analia, ya kawaida. Ila dokta, jamani. Binti mdogo tu, nikamwamkia dokta habari za kazi, akasema shikamoo mama, kaa tuongee, na kweli tukaongea, kama dakika arobaini hivi. Akaniuliza kama nimewahi kuwaza kujidhuru, anauliza kawaida tu kama anayeuliza umekula nini asubuhi, na ndo maana niliweza kumjibu ukweli. Akauliza pia kama kuna kipindi niliwahi kuchangamka kupitiliza, silali wala sichoki, natapanya hela, maana mtu wa hivo akipewa hii dawa peke yake anaweza kupandishwa juu vibaya. Yule kaka wa duka angejuaje hilo na hakuuliza?

Nikamuuliza mbona saa tisa, kwa nini isiwe saa tano. Akageuza kadi yangu akachora figo mbili, juu ya kila moja kakofia. Hizo kofia ni tezi, zinatoa homoni inaitwa kortisoli, na kazi yake ni kukuweka tayari kwa shida, na hata siku isiyo na shida inapanda alfajiri ili uamke na usiku inashuka. Amri inatoka kwenye ubongo, kortisoli ikishatosha inarudi ubongoni kusema inatosha, ubongo unafunga. Akaniambia mama una simtanki nyumbani? Lile boya ndani, maji yakijaa linapanda linafunga. Sasa msongo ukikaa miezi, kwa watu wengi boya linakwama, maji yanamwagika usiku kucha. Na kuna sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu, hipokampasi, hiyo mafuriko yanaiumiza, kwahiyo ule usahaulifu wangu wa kumpa mteja chenji mara mbili haukuwa uzee. Nilitoka na hiyo kadi, mpaka leo iko kwenye pochi.

Nikasema basi mi nimepungukiwa ile serotonini, kemikali ya ubongo wanayoisema mtandaoni. Akacheka, akasema ingekuwa kama chumvi kwenye mchuzi ungeongeza leo ukapona leo. Dawa inapandisha serotonini ndani ya masaa tu, ila moyo unanyanyuka baada ya wiki kadhaa, maana ubongo inabidi ujishone upya taratibu, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana inavyofanya kazi. Hata mwanzo wa dawa hizi ulikuwa bahati: miaka ya 1950 kule New York, hospitali ya Sea View, wagonjwa wa TB walipewa iproniazidi kwa ajili ya mapafu, wakaanza kuchangamka wodini.

Kwahiyo akaniambia mapema: wiki mbili za kwanza utaona madhara tu, faida hamna, meza asubuhi, usiache ghafla, na ukiona mawazo mabaya yanazidi njoo siku hiyohiyo usisubiri tarehe. Maneno hayo tu yalinivusha. Wiki ya tano nikagombana na bodaboda kwa sababu ya mia tano, tumepigiana kelele mpaka watu wakajaa Mwanga pale sokoni, nikarudi nyumbani nacheka, mana miezi yote ile ungeniibia laki nisingesema kitu. Madhara yaliyobaki ni ya chumbani, mzee kalalamika, dokta kasema ni kawaida kwa dawa hizi na tuliongea, yaishie hapo.

Nilimuuliza pia kama hakuna za haraka. Akasema ipo ketamini, ileile ya usingizi wa operesheni, kwa baadhi ya watu inanyanyua moyo ndani ya masaa, inapita njia nyingine kabisa, ya glutameti, kemikali nyingine ya ubongo. Marekani walipitisha ndugu yake ya kupuliza puani Machi 2019, ila unapulizia mbele ya mhudumu na unakaa chini ya uangalizi masaa mawili maana inapandisha presha na akili inaelea. Na kwa mama waliojifungua wakapata sonona, 2023 huko huko wamepitisha kidonge cha siku 14, zuranoloni. Nikamwambia si watengeneze tu ya kuzuia ile amri ya kortisoli kule juu, boya likae sawa. Akasema wamejaribu miaka mingi, panya walipona vizuri sana, binadamu majibu yakawa ya kukatisha tamaa. Hizo mpya huku kwetu sitegemei kesho, na hata hakunidanganya kwamba zinakuja.

Nyota niliyoinyima: mwezi wa tatu nafika dirishani, dawa imeisha, "kanunue nje." Dawa ambayo mmeniambia nisiache ghafla! Nimezunguka maduka manne na jua lile. Toka siku hiyo narudi zikiwa zimebaki za wiki nzima.

Wanaandika kuanza saa mbili, dokta anaingia saa tatu na kitu. Bebeni maji na mandazi, nje pale hakuna hata muuza karanga.