Sabuni ya tandiko la farasi kwenye kochi la ngozi: nyota mbili, na sababu zake

Sabuni ya tandiko huja kwenye kopo bapa la bati, ngumu kama dawa ya viatu. Inayojulikana zaidi ni ya Fiebing's, kampuni ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1895, ambayo huuza ya njano na nyeupe. Wapo wengine wanaotengeneza za aina hiyohiyo. Madukani mara nyingi huwekwa pamoja na dawa za kusafishia makochi, na hapo ndipo watu wanapokosea. Kwa hatamu, mikanda, mabuti na mikoba ya ngozi nene tunaipa nyota nne na nusu. Kwa kochi la sebuleni, mbili tu.

Humo ndani kuna sabuni halisi, nta na vilainishi. Sabuni halisi iko upande wa magadi, kinyume cha asidi: pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ni 9 hadi 10. Ngozi nyingi za makochi ya leo hutengenezwa kwa chumvi za kromi na hubaki na asidi kidogo, pH 4 hadi 5 hivi. Tandiko nalo ni ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome ya miti, imeshiba mafuta, na ikishaoshwa hupakwa mafuta tena. Ngozi ya kochi ni milimita moja na kidogo, na kwa kawaida juu yake kuna tabaka la rangi na vanishi. Jasho na matope ya farasi vinaihitaji sabuni hiyo kali, lakini chai iliyomwagika kwenye mkono wa kochi haihitaji.

Kabla ya kufungua kopo lolote, jua una ngozi gani. Dondosha tone moja la maji nyuma ya kochi, chini, pasipoonekana. Likikaa juu kama umande kwa dakika mbili, ngozi imepakwa rangi ya juu. Likinywewa na mahali hapo pakawa peusi kidogo, una ngozi tupu, yaani anilini (isiyo na tabaka la rangi juu) au nubaki (iliyosuguliwa juu ikawa na manyoya laini), na sabuni hii usiisogeze karibu: nta itajaza vinyweleo, nubaki itageuka kigaga, na alama ya maji itabaki na ukingo kama ramani. Kama kochi linabanduka maganda na chini yake kinaonekana kitambaa, hilo ni plastiki iliyouzwa kwa jina la ngozi. Hakuna dawa ya kulirudisha, fundi wa makochi alivalishe upya.

Tuseme ni ngozi ya rangi ya juu, imechafuka kwa vumbi na mikono, na kopo unalo tayari. Inawezekana kuitumia bila kuharibu, ila kwa mkono mwepesi. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye mishono, kwa sababu mchanga ukichanganyika na povu unakuwa msasa. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoke, izungushe juu ya sabuni mara tatu nne, kisha ipige kwenye bakuli tupu mpaka utoke povu zito. Tumia povu peke yake. Sponji yenye majimaji inapenya kwenye mishono, inalowesha godoro la ndani, na harufu yake haitoki haraka. Safisha kipande kizima kutoka mshono hadi mshono, hata kama doa ni la ukubwa wa sarafu. Ukisafisha katikati tu, utabadilisha doa dogo kwa duara kubwa. Kila kipande kisizidi dakika moja chini ya povu. Futa kwa kitambaa kibichi mara mbili, ukisuuza kitambaa kila mara, halafu kikavu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha weupe yakikauka, kwa hiyo kwa ufutaji wa mwisho tumia ya chupa. Nusu lita inatosha kochi la watu watatu.

Hatua ya kufuta ndiyo inayorukwa, kwa kuwa watu husikia kwamba sabuni hii inalisha ngozi. Nta inayobaki juu ya vanishi hailishi chochote. Inakauka kuwa ukungu mweupe kwenye mikunjo, na kwenye joto la mwambao inanata na kushika vumbi upya.

Sasa madoa yenyewe, na hapa ndipo kopo hili linapoanguka kabisa. Doa la mchuzi wa biriani au pilau lina manjano, ile binzari ya njano. Rangi yake inayeyuka kwenye mafuta, na ikikutana na kitu cha upande wa magadi inageuka nyekundu ya kutu. Weka sabuni ya tandiko, au sabuni ya mche, au magadi, na doa la njano litakuwa jekundu mbele ya macho yako, huku povu likilieneza. Usikasirike na kochi. Futa mara moja kwa kitambaa chenye maji na matone machache ya siki, linarudi njano. Cha kufanya tangu mwanzo ni kudonoa mafuta kwa karatasi ya chooni bila kusugua, kisha dawa ya pH ya asidi kidogo. Kivuli cha njano kikibaki, mwanga hukififisha taratibu: sogeza kochi karibu na dirisha kwa siku chache. Jua kali la moja kwa moja hapana, linakausha ngozi.

Wino wa kalamu ya kawaida una msingi wa mafuta, na povu la sabuni linausambaza tu. Chukua njiti ya pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ikamue, iviringishe juu ya mstari bila kusugua, na ubadilishe njiti kila inaposhika wino. Jaribu kwanza sehemu iliyofichika, kwa sababu spiriti hula vanishi pia. Siku pamba inapotoka na rangi ya kochi badala ya wino, acha hapohapo. Wino uliolala wiki nzima umeshaingia kwenye rangi ya juu, na kuutoa ni kuitoa rangi yenyewe. Ile dawa ya kupulizia nywele inayosifiwa sana ilifanya kazi kwa sababu ya spiriti iliyomo. Gundi yake ndiyo inayobaki kochini.

Hina tuseme wazi: ikigusa ngozi tupu, haitoki. Inajishika na protini, iwe ya kucha, nywele au ngozi ya ng'ombe. Kwenye ngozi ya rangi ya juu una nafasi kama utaifuta ingali mbichi.

Weusi wa mahali pa kuegemea kichwa si uchafu wa juu. Mafuta ya nywele na jasho vimelainisha rangi polepole. Ukisugua na kitambaa cheupe kikatoka na rangi ya kochi, kazi ya kusafisha imeisha. Hiyo ni kazi ya kupaka rangi upya. Kwa mafuta mapya kwenye ngozi tupu, nyunyiza poda isiyo na manukato au unga wa muhogo, unene wa milimita mbili hivi, uache usiku kucha, upeperushe asubuhi kwa brashi laini, urudie.

Badala ya kopo hili, kwa kochi tunapendekeza dawa ya maji iliyosawazishwa pH kwa ajili ya ngozi. Lexol ya kusafishia ni ya aina hiyo. Colourlock ya Ujerumani ina mbili: nguvu ndogo kwa anilini na uchafu mwepesi, nguvu kubwa kwa ngozi ya rangi ya juu iliyochafuka sana. Kiasi cha vijiko viwili vya chai kwenye sponji kinatoa povu la kutosha mto mmoja wa kukalia. Hazina nta, hivyo ukifuta vizuri hakibaki kitu. Bei yake iko juu kuliko ya kopo la bati, hilo ni kweli, na wino uliokauka zenyewe haziuwezi.

Jiki usiifikirie hata kwa kochi jeupe. Inakula protini, na ngozi inapasuka baadaye.

Kuhusu koga, madoa ya kijivu yanayochipua msimu wa mvua Zanzibar, Mombasa au Dar: usianze na sabuni yoyote, maji ndiyo yaliyoileta. Toa kochi nje kivulini, peperusha koga kwa brashi kavu, upepo ukiwa unavuma kutoka upande wako. Kisha pitisha kitambaa chenye spiriti na maji nusu kwa nusu baada ya kujaribu pembeni, na uwashe feni mpaka mishono ikauke. Likirudi ndani, liache wazi nyuma, sentimita 10 kutoka ukutani, la sivyo linaota tena upande uleule.