Dodoso darasani au matope ya Msimbati?

Sisi tunaoanza utafiti wa elimu ya mazingira huku Mtwara tuna njia mbili. Dodoso ni la haraka: asubuhi moja shuleni unarudi na karatasi 100, jedwali linajaa, msimamizi anatabasamu. Shida ni kwamba watoto wanalijua jibu unalolitaka. Kukata mikoko ni vibaya? Ndiyo, wote, hata yule ambaye kwao wanapikia kuni za mkoko.

Kushinda kijijini ni habari nyingine. Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, unasubiri bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yatoke, kina mama washuke mwambani kusaka pweza. Binti wa darasa la tano anakuonyesha mchu, mti wa jamii ya mikoko, mizizi imechomoza matopeni kama penseli, kisha mkoko uliosimama kwa miguu mingi. Kwenye dodoso maarifa hayo hayana kisanduku. Ila nauli, na miezi! Mfadhili hajui bamvua ni nini.

Mimi ningeanza kijijini, halafu nitunge dodoso kwa maneno niliyoyasikia huko. Msimamizi atasubiri kidogo.