Seti ya Kusafishia Bunduki: Nilivyolainishia Mtutu Mpya Tanga

Seti hii niliinunua kwa kazi moja tu, nayo ni kulainisha, kwa kupiga risasi chache na kusafisha kila mara, mtutu mpya wa bunduki yangu ya kuwindia ya .375 H&H, aina ya risasi iliyotoka Uingereza mwaka 1912 na ambayo sisi tunaoongoza wawindaji Handeni tunaiamini hadi leo. Ndani ya seti mna mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, wa kipande kimoja uliovikwa plastiki, brashi mbili, vitambaa, dawa ya kuondoa shaba na bomba la kuongozea mdeki.

Bomba hilo ndilo lenye thamani. Huchomekwa nyuma, mahali pa komeo, likaushika mdeki katikati usikwaruze koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari yake. Na kwa kuwa mdeki unaingilia nyuma, mdomo wa mtutu, ambao ukipata pengo dogo tu shabaha huharibika, unasalimika.

Katika uwanja wa shabaha nilipiga risasi moja na kusafisha, mara tano, kisha tatu tatu, mara mbili. Mtutu wa kiwandani, hasa pale kooni, hubaki na alama za chombo kilichouchonga, na alama hizo huparua shaba iliyofunika kichwa cha risasi, ikaenda kuganda mbele. Dawa ikikuta shaba hugeuka buluu, na kitambaa cha kwanza kilitoka buluu kama kilichochovywa kwenye wino. Baada ya risasi ya tano ulibaki mstari mwembamba pembeni. Najua wapo mafundi waliopinga zoezi hili, Gale McMillan wa Marekani akiwa mmojawao, wakisema linakula uhai wa mtutu bure. Kwa mtutu uliosuguliwa kwa mkono nakubaliana nao, lakini wangu si wa namna hiyo.

Kasoro iko kwenye brashi. Zote mbili ni za nyaya zenye shaba, hivyo dawa huzila zenyewe na kutia kitambaa ubuluu hata mtutu ukiwa safi. Nilisugua karibu saa nzima kabla sijabaini, nikanunua brashi ya nailoni.

Tena seti haina mafuta, na kwa sisi wa pwani hilo ni pungufu kubwa, maana dawa ikishafutwa chuma hubaki kitupu. Nyumbani Chumbageni niliuacha mtutu siku mbili bila kuupaka, na kitambaa cha siku ya tatu kilitoka na vumbi jekundu la kutu.