Programu ikiganda: ubofye au uandike amri?

Programu imeganda, na kila ukibofya alama ya kufunga, kimya. Kwenye Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows) unaweza kufungua dirisha la kufuatilia mfumo, ukatafuta jina la programu na kuizima. Ni rahisi, na unaona papo hapo nani anameza memori. Ila kompyuta ikizidiwa kabisa, dirisha hilo nalo huganda kabla halijafunguka.

Amri haitegemei madirisha. Kwenye mifumo mingi ya Linux, Ctrl+Alt+F3 huleta skrini nyeusi ya kuandikia amri. Unaingia kwa jina na nenosiri (herufi za nenosiri hazionekani ukiandika, usishtuke), kisha unaandika pkill na jina la programu. Andika jina kamili, maana kipande cha jina kinaweza kuzima na nyingine zisizo na kosa. Amri hii hutuma ishara namba 15: ombi la kufunga kistaarabu, programu ipate nafasi ya kuhifadhi. Ikikaidi, andika pkill -9 na jina hilo. Hiyo haina mjadala, na usichohifadhi kimepotea. Wengi hukimbilia -9 moja kwa moja. Mimi husubiri sekunde 10 kwanza.

Kishale kikiwa bado kinasogea, nabofya. Kikigoma, naandika.