PHP au Rust: ubaki na la zamani au uhamie jipya?

Kila tukikaa barazani hapa Tudor, Mombasa, sisi waandishi wa programu hurudia ubishi ule ule: tubaki na PHP, lugha ya programu ya tangu 1995, inayotumika sana kwa tovuti, au tuhamie Rust, lugha iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015?

Kwa gharama, PHP inashinda wazi. Duka la Marikiti likitaka tovuti, seva ya bei nafuu ipo na fundi hakosekani.

Kwa kutegemeka, kompaila ya Rust (programu inayogeuza msimbo tulioandika kuwa programu ya kuendeshwa) hukagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta kabla programu haijaanza kazi. Hiyo ni raha kubwa kwa aliyewahi kuteswa na lugha ya C, inayomwachia mwandishi kazi hiyo. PHP nayo hujisimamia kumbukumbu yake, basi hapo tofauti si kubwa kama watu wanavyodai.

Kwenye matunzo, watu huchukulia ukongwe kuwa uthabiti. Sikubali. PHP 7 iliondoa mysql_connect na wenzake, amri za kuunganisha tovuti na hifadhidata ya MySQL, tovuti kuukuu zikalazimika kurekebishwa. Rust, tangu 1.0, iliahidi kutovunja msimbo wa jana.

Una mteja anayesubiri wiki ijayo? Shika PHP. Unaunda mfumo wa vipimo vya baharini, na una miezi ya kujifunza? Rust inastahili jasho lako.