Bima ya fidia na mfanyakazi aliye safarini: tathmini ya huduma niliyopewa

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mizani katika viwanda vya wateja, kwa hiyo bima ya fidia aliyoikata mwajiri, ile inayomlipa anayeumia kazini, naipima kwa jambo moja: inamchukuliaje mfanyakazi aliye safarini. Jibu nililipata siku nilipotoka kiwandani kwenda kula, nikateleza kwenye ngazi za mgahawa zilizokuwa zimetoka kupigwa deki, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Kufungua dai hakukunisumbua, ingawa fomu niliijaza kwa mkono wa kushoto. Tatizo lilianzia kwa ofisa aliyekabidhiwa faili, ambaye aliona saa ya ajali, saa 7:20 mchana, akaandika kwamba nilikuwa mapumzikoni, hivyo sikuwa kazini. Kwa mfanyakazi mwenye kituo cha kudumu hoja hiyo ingeweza kusimama, kwani sheria nyingi hazimfidii anayetoka nje ya eneo la kazi kwa mapumziko yake. Msafiri ni habari nyingine. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, aliyetumwa mbali huhesabiwa kuwa kazini hata anapokula au kulala hotelini, kwa kuwa ni kazi iliyomfikisha ugenini, na kinga hiyo humtoka pale tu anapoiacha safari kwa shughuli zake binafsi. Pendekezo Na. 121 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1964, nalo linataka ajali ya saa za kazi itambuliwe hata ikitokea mahali ambapo mfanyakazi asingekuwepo kama si kazi yake.

Nilikata rufaa, na hapo huduma ikabadilika kabisa. Ofisa wa pili alinipigia mwenyewe, akauliza nani alinituma, mgahawa ulikuwa umbali gani na kama nilikusudia kurudi kiwandani, kisha akaomba barua ya safari na nakala ya daftari la wageni la mteja, lililoonyesha nimetoka saa 7:05. Uamuzi ulitenguliwa, nikalipwa matibabu na malimbikizo ya fidia ya mshahara, lakini baada ya wiki tisa, jambo ambalo maswali hayo matatu yangelizuia tangu siku ya kwanza.

Fomu yao bado inauliza, «Ulikuwa mapumzikoni? Ndiyo/Hapana». Ya safari haiulizi.