Tathmini ya Hugo: nilipoijenga upya tovuti yangu mwenyewe

Mwezi wa Februari mteja mmoja, mama mwenye nyumba ya wageni kule Bagamoyo, alinipigia simu kuulizia gharama za kutengenezewa tovuti, na kabla hatujafika kwenye bei akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ya kwako mwenyewe mbona haifunguki?" Ilikuwa inafunguka, ila kwa taabu. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha tano kubwa zinazopokezana, herufi za aina tatu zinazovutwa kutoka seva za mbali, na programu-jalizi (vijiprogramu vya nyongeza) kumi na moja ambazo nusu yake sikukumbuka niliziweka kwa kazi gani. Nilipoupima ukurasa huo nikakuta una karibu megabaiti 4, na kwa mtu anayetumia bando la siku kwenye simu ya kawaida, hicho ni kiasi cha kumfanya aufunge na kwenda zake. Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini mteja aliyeketi kwenye kiti chake ana haki ya kumtazama kichwani.

Tovuti hiyo niliijenga kwa WordPress, programu ya kuundia na kuendeshea tovuti, miaka minne iliyopita, na sina ugomvi na WordPress, kwa sababu ndiyo inayonilisha; wateja wangu karibu wote wako huko na wataendelea kuwa huko. Uzembe ulikuwa wangu mimi niliyeacha kuihudumia. Hata hivyo, kwa tovuti ya mtu mmoja yenye kurasa zisizofika hamsini, nilihisi nimebeba shehena ya lori kwenda kununua chumvi dukani. Nikaamua kujaribu Hugo, na tathmini hii inatokana na miezi minne ya kuitumia nikiwa mbunifu wa kujitegemea, ninayefanya kazi peke yangu na nisiye na mtu wa kunisukuma nimalize kazi isiyonilipa.

Hugo ni programu huria ya kutengeneza tovuti tuli, iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013 na ambayo kwa miaka mingi sasa imeongozwa na Bjørn Erik Pedersen. Imeandikwa kwa Go, lugha ya programu iliyozaliwa ndani ya Google. Tofauti yake na WordPress naweza kuieleza kwa habari ya jikoni: WordPress, isipowekewa akiba ya kurasa zilizokwisha tayarishwa, hupika upya kila mgeni anapobisha hodi, ikichota maneno kwenye hifadhidata na kuyapanga papo hapo, ilhali Hugo ni kama mama lishe aliyekwisha pika vyote alfajiri na kuvifunika, mteja akija ni kupakuliwa tu. Kurasa zote hupikwa kwenye kompyuta yako, zikawekwa katika folda iitwayo public, na folda hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye seva. Hakuna hifadhidata, hakuna nenosiri la dashibodi la kuibiwa, wala hakuna programu-jalizi inayokuamsha usiku.

Kuisakinisha ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa Hugo yenyewe ni faili moja tu la kuendesha. Kuna toleo la kawaida na toleo lililopanuliwa, na sababu kubwa ya kuchukua la pili ni kama unaandika mitindo yako, yaani rangi na mpangilio wa kurasa, kwa lugha ya Sass. Ukiandika amri ya hugo server kwenye terminali, lile dirisha la kuiamuru kompyuta kwa maandishi, tovuti inafunguka ndani ya kompyuta yako kwenye mlango 1313, na kila unapohifadhi faili kivinjari kinajionyesha upya kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Wenyewe hujitangaza kuwa ndio wenye kasi kuliko wote duniani. Sina mizani ya kuwapima dhidi ya dunia nzima, lakini kurasa zangu zote hutengenezwa kwa muda usiofika sekunde moja, kwenye kompyuta mpakato ambayo si mpya hata kidogo, na jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi kasi hiyo inavyobadilisha namna ya kubuni: unajaribu nafasi kati ya aya, unaona, unarudisha, unajaribu tena, bila ile subira ndogo inayomfanya mtu akubali kitu ambacho hakikupendeza.

Baada ya sifa hizo, nafika kwenye violezo, yaani faili zinazoeleza kila ukurasa upangwe vipi, na hapa ndipo nilipotoka jasho. Hugo hutumia lugha ya violezo ya Go, ambayo kwa mtu aliyezoea PHP, lugha ya WordPress, ina tabia za kigeni. Badala ya kuandika kwamba kitu fulani ni sawa na kingine, unatanguliza neno la kulinganisha kisha unafuatisha vile viwili. Hilo huzoeleka kwa siku mbili. Kisichozoeleka haraka ni nukta. Nukta moja tupu katika kiolezo humaanisha "hiki tulichomo sasa", na maana yake hubadilika kulingana na mahali ulipo: ukiwa juu ya ukurasa, nukta ni ukurasa wenyewe, ukiingia katika mzunguko unaopitia orodha ya kazi zako, nukta inakuwa ile kazi moja inayopitiwa, na ukiomba kichwa cha ukurasa humo ndani kwa njia ileile uliyoitumia mistari miwili juu, unapewa kichwa cha ile kazi. Dawa yake ni alama ya dola, ambayo hukurudisha kwenye kile ulichoanza nacho. Nikishaieleza hivi inaonekana jambo dogo, lakini jioni mbili nzima zilipotea kabla sijalielewa, kwa sababu maelezo rasmi ya Hugo, ambayo ni mengi na yanayotunzwa vizuri, yamepangwa kama kamusi: yanamfaa sana anayejua anachotafuta, na anayejifunza yanamwacha akirukaruka kutoka kurasa hii kwenda ile.

Tatizo la pili linatokana na umri wa maelekezo yaliyotapakaa mtandaoni. Hugo bado haijafika toleo la 1, na wanaoitunza hawaogopi kubadilisha mambo. Faili la mipangilio lililokuwa likiitwa config.toml liliitwa hugo.toml kuanzia toleo la 0.110, na toleo la 0.146, lililotoka mwaka 2025, lilipanga upya folda za violezo. Mabadiliko yenyewe ni ya busara, lakini nilianza na mandhari, yaani seti ya violezo na mapambo, iliyotengenezwa tayari, ya kupendeza machoni, ambayo mtunzaji wake alikuwa amekwisha iacha, na nilipoiweka kwenye toleo jipya ikanijibu kwa mistari ya makosa. Baada ya wiki ya kuibembeleza niliifuta yote nikaandika violezo vyangu kuanzia sifuri, na nakiri kwamba hapo ndipo kazi iliponiendea vizuri. Mbunifu anayejua HTML na CSS, lugha za kuandikia na kupambia kurasa, asipoteze muda kwenye mandhari za watu. Violezo vinavyohitajika kwa tovuti kama yangu havizidi sita.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni lugha. Wateja wangu wa Dar es Salaam na Zanzibar hunisoma kwa Kiswahili, na wachache wa nje hunisoma kwa Kiingereza, na katika tovuti ya zamani nilikuwa nikilazimika kuongeza programu-jalizi nzito kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Katika Hugo uwezo huo umo ndani tangu mwanzo. Naandika faili moja lenye alama ya sw katika jina lake na jingine lenye alama ya en, na Hugo inatambua kwamba ni ukurasa mmoja kwa lugha mbili, inaniruhusu kuweka kiungo cha kutoka huku kwenda kule, na inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya msingi kwa mstari mmoja wa mipangilio. Zaidi ya hapo, tangu toleo la 0.87 tarehe hutafsiriwa zenyewe, hivyo kazi niliyomaliza mwezi wa nane inaandikwa "Agosti" kwenye ukurasa wa Kiswahili bila mimi kutengeneza orodha ya miezi kwa mkono, jambo ambalo nimelifanya mara nyingi kwa ajili ya wateja na sikuwahi kulipenda.

Lakini tarehe hizohizo ndizo zilizoniaibisha siku ya kwanza. Nilichapisha ukurasa saa tatu asubuhi, nikaandika tarehe na saa hiyo, nikapeleka kila kitu kwenye seva, na ukurasa haukuonekana. Nilitafuta kosa kwenye violezo, kwenye majina ya folda, kwenye kila mahali isipokuwa mahali lilipokuwa. Kumbe Hugo haichapishi ukurasa wenye tarehe ya baadaye usipoiamuru, na tarehe isiyotaja majira ya mahali huichukua kuwa ni ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa tatu yangu ya asubuhi ilisomwa kuwa saa sita mchana, na ukurasa ukawa unasubiri wakati wake ufike. Niliponywa na mstari mmoja unaotaja Africa/Dar_es_Salaam katika mipangilio. Yeyote wa Afrika Mashariki anayeanza na Hugo auandike mstari huo kabla ya mwingine wowote.

Picha zinastahili neno, ijapokuwa fupi. Naweka picha halisi kama ilivyotoka kwenye kamera, kiolezo kinaagiza ikatwe kwa upana wa aina tatu na kugeuzwa kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na simu ya msomaji huchukua ile inayoitosha. Matokeo huhifadhiwa ili kazi isirudiwe kila mara. Ukurasa wangu wa mwanzo sasa una kilobaiti 190, picha zikiwamo, ingawa haki inanitaka niseme kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na kuzitupa zile picha zinazopokezana, na kazi hiyo ningeweza kuifanya bila kuhamia popote.

Kwa kuhifadhi tovuti nilichagua GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti tuli mtandaoni, ambayo kwa akaunti ya bure haitozi kitu, na mipaka yake ya gigabaiti 1 kwa tovuti na gigabaiti 100 za matumizi kwa mwezi iko mbali sana na mahitaji yangu. Kikoa changu (anwani ya tovuti) cha .co.tz nilikielekeza huko na cheti cha usalama cha HTTPS kikapatikana bila malipo. Gharama iliyobaki ni ya kikoa peke yake. Kilichopotea ni fomu ya mawasiliano, kwa kuwa tovuti tuli haina pa kupokelea ujumbe, na zipo huduma za nje zinazoziba pengo hilo. Nilipopitia fomu yangu ya zamani kabla ya kuamua, nikakuta karibu yote iliyoletwa mwaka mzima ilikuwa matangazo ya wageni wanaouza dawa. Wateja wa kweli walikuja kwa simu na WhatsApp. Nikaweka kiungo cha WhatsApp, nikaendelea na mengine.

Je, nitampendekezea mteja? Yule mama wa Bagamoyo nimemjengea kwa WordPress, na sikusita. Anataka kubadilisha bei ya chumba msimu wa wageni ukianza, akiwa amekaa barazani na simu yake mkononi, na Hugo haina dashibodi ya kumfanyia hivyo. Kumwambia afungue terminali ni kumtania. Hugo inamfaa mbunifu, mwandishi anayejua kutumia Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili), au taasisi ndogo yenye fundi wake wa kudumu. Kwa mtu wa namna hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano naizuia kwa ajili ya zile jioni mbili za nukta.

Kuna jambo moja ambalo Hugo ilinifanyia bila kukusudia. Kwa kuwa maneno yanakaa kwenye faili tupu, mbali na rangi na mapambo, nilijikuta nikiyasoma kwa mara ya kwanza kama anavyoyasoma mteja, na mengi yalikuwa hewa: "suluhisho bora za kidijitali", "ubunifu wa kiwango cha kimataifa". Mpangilio mpya ulinichukua wiki tatu; maneno yalichukua miezi iliyobaki. Kazi nilizofanya nimezipunguza kutoka ishirini na mbili hadi saba, kila moja ikiwa na maelezo ya tatizo alilokuja nalo mteja. Ukurasa wa bei ndio pekee ambao bado umewekewa alama ya rasimu, kwa hiyo Hugo inauruka kila inapotengeneza tovuti. Ila GitHub Pages ya bure hutaka hazina ya faili unayochapishia iwe wazi kwa umma, na mimi humo nimeweka faili zote za chanzo, rasimu zikiwamo pamoja na historia ya kila badiliko, hivyo yeyote anayejua pa kuchungulia anaweza kuona kwamba bei ya tovuti ya nyumba ya wageni nimekwisha iandika na kuifuta mara sita.